Gereji imenifungia kalipa za breki kichwa chini, sasa inasema haihusiki kwa sababu spea nilileta mwenyewe

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira. Jumamosi nimeponea chupuchupu kumuua mama yangu mzazi na mwanangu wa miaka sita kwenye mteremko wa kutoka Isyonje kushuka Kiwira. Leo nimerudi gereji iliyonifungia hizo breki, nimeambiwa usoni: "Dada, spea ulikuja nazo mwenyewe, sisi hatuhusiki."

Jina siliweki. Ni gereji ya hapa hapa Mbeya mjini, yenye geti, risiti na vyeti vya VETA ukutani. Niliwachagua kwa sababu hiyo hiyo.

Gari ni Toyota IST. Mwaka jana hawa hawa niliwaachia wanunue pedi za mbele wenyewe. Miezi minne zikaisha, na zilikuwa ngumu kiasi kwamba zilizichimba diski mifereji, ukipitisha ukucha unakwama. Kalipa ya kushoto, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, nayo pistoni ikaanza kung'ang'ania. Safari hii nikasema hapana. Nikamwomba kaka yangu aliyeko Dar aingie Kariakoo anitafutie diski mbili mpya, seti ya pedi, na kalipa mbili za mbele used kutoka Japan. Kaka ni mtu makini. Kila kalipa aliiandika kwa rangi nyeupe, moja KUSHOTO, nyingine KULIA, akafunga kwenye boksi, vikaja kwa basi.

Kabla sijapeleka gari nilipiga simu kuuliza kama wanafunga spea za mteja. Wakasema wanafunga, ila ufundi badala ya 40,000 itakuwa 70,000 kwa sababu kwenye spea hawapati kitu. Nikakubali. Wote tunajua fundi akikununulia spea anaweka cha juu, na mtu anaishi kwa kazi yake, sina kinyongo na hilo. Nililipa hiyo 70,000 yote, bila kuomba punguzo hata la mia, nikijua nanunua ufundi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, naomba mnielewe. Chuma kilikuwa changu, sawa. Mikono je, ilikuwa ya nani?

Nilipokuja kuchukua gari jioni, pedali ya breki ilikuwa inabonyea kama godoro. Nikabonyeza ikazama, nikabonyeza tena ikapanda kidogo. Nikamwambia fundi hii si sawa. Akanijibu bila hata kunyanyuka: "Pedi mpya hizo dada, lazima zijizoeze na diski. Endesha tu." Usukani nao ulikuwa unatetemeka nikishika breki. Nikaambiwa na huo utaacha.

Ni kweli pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Unatafuta barabara tupu, unatoka spidi ya 50 au 60 unapunguza hadi kama 10 bila kusimama kabisa, unarudia mara kadhaa huku unaziacha zipoe katikati. Lakini pedi ambazo hazijazoea zinafanya gari lichelewe kusimama tu, pedali haizami. Pedali ikizama na kubonyea, mle ndani kwenye mabomba ya breki kuna upepo, yaani hewa. Hilo nimelijua Jumamosi. Ijumaa sikulijua, nikamwamini mwenye ovaroli.

Jumamosi nilikuwa namrudisha mama Tukuyu baada ya kliniki yake. Mjini mpaka Uyole nilikuwa nabonyeza mara mbili mbili, gari linasimama. Tukapanda Igawilo, tukafika Isyonje, ukungu ule wa siku zote. Wanaoijua njia ile wanajua ukishapita pale ni kushuka, kona kwa kona, na malori ya ndizi yanapanda upande wa pili. Tulipopita Ntokela nikagusa breki kuingia kwenye kona, pedali ikaenda mpaka kwenye kapeti. Nikapampu. Mara ya pili haikushika, ya tatu ikashika kidogo sana. Mbele yangu kulikuwa na bajaji imebeba watu. Nikaitupa gia kwenye L, injini ikapiga kelele, nikavuta handbreki kidogo kidogo ili nyuma isiteleze, nikalitoa gari pembeni kwenye kifusi cha udongo. Likasimama hapo. Mama alikuwa anaita "Kyala, Kyala", yaani Mungu kwa Kinyakyusa, huku ameshika kichwa cha mtoto amekiinamisha mapajani kwake. Mimi mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka peke yake, siwezi kuuzuia.

Kijana wa bodaboda akashuka Kiwira akatuletea fundi. Mzee wa makamo, mfuko wa spana begani. Alimsalimia mama kwanza, akamuuliza kama kaumia, kisha akavua tairi la mbele kulia. Hakutumia hata dakika moja. Akaniita, "Mama, njoo usome mwenyewe." Nikainama. Kwenye kalipa ya upande wa kulia kulikuwa na mwandiko wa kaka yangu, rangi nyeupe, umegeuka juu chini: KUSHOTO.

Walibadilisha. Ya kushoto waliifunga kulia, ya kulia wakaifunga kushoto, na maandishi wanayaona.

Mzee akachukua chupa ya maji ya kunywa ya mwanangu, imebaki nusu, akaisimamisha. "Upepo uko wapi?" Juu. Akaigeuza kifuniko chini. "Na sasa?" Bado juu. Ile nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa lazima ikae juu, kwa sababu upepo ndiko unakokimbilia. Ukibadilisha kushoto na kulia, kalipa inaingia na bolti zinakaza vizuri tu, lakini nipeli inaangalia chini. Hapo pampu mpaka kesho, yatatoka maji ya breki, upepo utabaki umekaa juu umetulia. Na maji ya breki hayaminyiki, upepo unaminyika. Kwa hiyo mguu wako unaishia kuminya upepo badala ya kusukuma pistoni. Ukiwa kwenye tambarare ya Soweto na Kabwe hapa mjini utadhani ni pedi zinajizoeza.

Akaendelea kufungua, na kila alichofungua kilinichoma. Diski mpya zinakuja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, unatakiwa uyasafishe kabla ya kufunga. Hawakusafisha, pedi zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Uso wa habu, pale diski inapokalia, hawakuukwangua, kutu ikaachwa, diski ikakaa upande. Ndiyo ile tetemeko ya usukani. Pini za kutelezea kalipa zilikuwa kavu kabisa. Nikakumbuka boksi la spea walilonirudishia, nikafungua buti. Ndani kulikuwa na vile vibati vipya vya kushikia pedi, bado viko kwenye nailoni, na kipakiti cha grisi hakijachanwa. Vyote vilikuja na seti. Pedi mpya wamezichomeka kwenye vibati vyangu vya zamani vyenye kutu.

Mzee alizirudisha kalipa mahali pake, akakwangua habu, akaosha diski, akazipiga pedi msasa. Akamtuma kijana chupa mpya ya maji ya breki, DOT 3, na akasisitiza iwe haijafunguliwa, maana maji ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya yanachemka mapema kwenye mteremko. Akatoa upepo kwa mpira mweupe uliozama kwenye chupa, mimi napampu, yeye anasema shika, achia, shika. Mapovu yalitoka kama soda iliyotikiswa. Yalipokata, pedali ikawa ngumu kama jiwe, juu kabisa. Nati za tairi akakaza kwa kuvusha, moja kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Akachukua 25,000. Niliongeza na bado naona sijamlipa.

Sasa nisikilizeni. Spea ni zile zile. Diski zile zile, pedi zile zile, kalipa zile zile za Kariakoo. Nimeshuka nazo Tukuyu, nimepanda nazo kurudi, gari linasimama pale ninapotaka. Hiyo "spea ulikuja nazo mwenyewe" inahusikaje hapa?

Leo nilimwonyesha msimamizi picha ya ule mwandiko. Akaniambia utaratibu wao ni kwamba spea za mteja hazina garantii. Nikamwambia pedi ikipasuka kesho sitakuja kwako, hiyo ni juu yangu. Lakini kalipa ya kushoto kufungwa kulia, hiyo garantii naidai kwa nani, kwa muuza duka wa Kariakoo? Akanyamaza, akasema bosi hayupo. Kama hamtaki spea za mteja, katazeni pale getini, mtu aende kwingine. Msipokee pesa ya juu halafu mkafunga kwa kisirani.

Kesho asubuhi narudi na risiti, picha na vile vibati kwenye nailoni yake. Nataka 70,000 yangu na ile niliyolipa Kiwira. Wakikataa naomba mnaojua njia ya kulipeleka hili mbele mnielekeze, nitalifuata mpaka mwisho.

Na jambo moja linaninyima usingizi. Alhamisi ile nilipoacha gari, kwenye jeki ya pembeni kulikuwa na Noah nyeupe, baba mmoja na boksi lake la breki mkononi, akisema anaenda nayo Kyela wiki hii. Baba, kama unasoma hapa, au kuna anayemfahamu amwambie leo hii: simamisha gari, kata usukani mpaka mwisho, chungulia nyuma ya diski na tochi. Tafuta ile nipeli yenye kifuniko cha mpira. Ukiikuta iko chini, usilitoe hilo gari hapo lilipo.