Hoteli ya Kisumu inapokea mbwa na paka, na mwanangu ana pumu. Tulale hapo?

MamaWawili, Nakuru

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kulala kwenye hoteli zinazoruhusu wageni kuja na wanyama wao.

Mwezi ujao tunakwenda Kisumu siku nne. Mama mkwe anatimiza miaka 70 na shughuli itafanyika nyumbani kwake, upande wa Maseno. Nyumba haitoshi watu wote, kwa hiyo sisi tunaotoka mbali tumeambiwa tujitafutie mahali pa kulala. Wifi yangu ndiye aliyepata hoteli. Iko karibu na ziwa, ina uwanja wa nyasi wa watoto kuchezea, na bei yake ni ya chini kuliko zote tulizouliza. Tena inapokea wanyama, na hilo ndilo lililomfanya aichague. Ana mbwa mzee wa miaka 11 mwenye kifafa, anayemeza kidonge asubuhi na jioni. Hawezi kumwachia jirani, na ninamwelewa.

Shida yangu ni kifungua mimba wangu. Ana miaka saba na ana pumu. Mwaka jana tulilala kwenye nyumba ya kukodi, sitaji ni wapi, yenye zulia chumba kizima. Saa nane usiku akaanza kukohoa, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, na inhela haikutosha. Tulifika hospitali nikiwa nimembeba mgongoni. Tuliporudi asubuhi kuchukua mizigo nikakuta manyoya ya paka chini ya kochi. Hatukuwa tumeambiwa chochote.

Sasa nikisoma "wanyama wanakaribishwa" moyo unaruka. Mume wangu anasema natia chumvi. Je, mtu mwenye mtoto kama wangu alale hoteli ya namna hii, au nimwambie wifi ukweli kwamba sisi tutatafuta kwingine?

---

Msafiri wa Bungoma

Dada, tafuta kwingine. Miaka miwili iliyopita nililala hoteli moja inayopokea mbwa, nikiwa kazini. Asubuhi natoka chumbani kwenda kunywa chai, mbwa wa mgeni mwingine akaniuma shavu la mguu hapo kwenye ushoroba. Mwenyewe alikuwa ameshika kamba lakini ilikuwa ndefu. Nilipomuuliza kadi ya chanjo, hana. Nilipouliza mapokezi kama walimdai kadi alipoingia, walitazamana tu.

Nilichomwa sindano tano: siku ile ile, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila mara ni nauli na ruhusa kazini. Wiki zile zote sikuwa napata usingizi, kwa sababu kila mtu anajua kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa. Sisemi mbwa wote ni wabaya, nasema hoteli iliyofungua mlango bila kuuliza kadi haijali mgeni yeyote, wa miguu miwili wala wa minne.

---

Nyayo Nne, Nakuru

Pole sana ndugu wa Bungoma, na una haki ya kukasirika. Mwenye mbwa yule alikosea.

Lakini naomba niwatetee wengine wetu. Mimi husafiri na mbwa wangu tangu nikiwa naishi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru. Natembea na kadi yake, shuka yake, bakuli lake, na mifuko ya kuokotea uchafu. Hoteli zote zikisema hapana, watu hawataacha kusafiri na mbwa. Watawaficha kwenye gari. MamaWawili, wifi yako amekwambia mapema na ametafuta mahali panapomkubali mbwa waziwazi. Huyo si mtu wa kumkasirikia.

---

Nesi wa Kakamega

Kabla hatujaenda mbali, MamaWawili, nina swali moja. Mtoto akienda kwa shangazi yake, mbwa huyo huyo humsumbua?

---

MamaWawili

Nimekaa nikafikiri. Hapana. Tunaenda pale karibu kila mwezi, anamshika, anacheza naye uani, na sijawahi kutoa inhela. Ila akienda kwa rafiki yake mwenye paka, dakika kumi tu macho yanakuwa mekundu na anapiga chafya.

---

Nesi wa Kakamega

Basi umejijibu nusu ya swali. Hatari yako inaonekana ni paka, na pengine paka ambaye hutamwona kabisa.

Watu wengi hudhani ni manyoya. Kinachosumbua kifua ni protini zilizo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba, mate hukauka kwenye manyoya na kugeuka vumbi jepesi sana, linaloelea hewani na kushika kwenye zulia, godoro, pazia na kochi la kitambaa. Paka akishaondoka, vumbi hilo hubaki miezi kadhaa. Hata watu wanaofuga paka hulibeba kwenye nguo zao. Kwa hiyo hoteli isiyopokea wanyama nayo si salama moja kwa moja. Ile nyumba iliyokupeleka hospitali, je, ilikuwa imetangaza kwamba inapokea paka?

Mpeleke kliniki kabla ya safari, wiki mbili hivi. Mwambie daktari mnakwenda kulala ugenini na umweleze yaliyotokea mwaka jana. Aangalie kama anahitaji dawa ya kuzuia ya kila siku, ambayo haifanyi kazi kwa siku moja, ndiyo maana nasema wiki mbili. Ile ya bluu ya kufungua kifua ibaki mkononi mwako pamoja na spesa, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, isiwe kwenye sanduku ndani ya buti ya gari.

Na ujue hospitali iliyo karibu na hoteli kabla hamjalala usiku wa kwanza. Kisumu hilo si tatizo.

---

Shuka Nyeupe, Kisumu

Naomba kuongea kama mtu wa ndani. Nimesafisha vyumba vya hoteli hapa Kisumu miaka tisa, hoteli mbili tofauti, moja inapokea mbwa na nyingine haipokei.

Ile isiyopokea ndiyo nililia nayo zaidi. Wageni walikuwa wanaingiza mbwa usiku, soja anapewa kitu kidogo, meneja anafumba macho kwa kuwa chumba kimeshalipiwa. Asubuhi mimi nafungua mlango nakuta manyoya kitandani. Kwenye daftari hakuna mbwa, kwa hiyo sipewi muda wa ziada wala dawa ya ziada. Mgeni anatoka saa nne, mwingine anaingia saa nane, na nina vyumba kumi na viwili. Nitabadilisha shuka, nitafagia, nitapiga deki. Godoro, pazia na kochi havifuliwi. Mgeni anayefuata anaambiwa ni hoteli safi isiyo na wanyama, na anaamini.

Kule wanakopokea, vyumba vya wanyama vilikuwa vitatu, vyote chini, sakafu ya taili, viti vya mbao na mito inayovuliwa foronya. Mgeni wa mbwa akitoka, chumba hakiuzwi siku hiyo. Ada ya mbwa ilikuwa inalipa huo muda. Si hoteli zote hufanya hivyo, lakini hapo ndipo pa kuulizia.

Usiulize "mnasafisha vizuri?" Hakuna atakayekwambia hapana. Piga simu mchana siku ya kazi, omba kuongea na msimamizi wa usafi wa vyumba, si mapokezi. Muulize ni vyumba namba ngapi wanalala wanyama. Akizitaja mara moja, kuna utaratibu. Akisema "chumba chochote mama, usijali," shukuru na ukate. Muulize kama kuna zulia. Muulize lini mara ya mwisho mapazia yalifuliwa. Na kwa kesi yako uulize juu ya paka wa hoteli yenyewe. Huku kwetu samaki ni kila siku, na jikoni lenye samaki lina paka. Hawasajiliwi kama wageni, lakini wanalala kwenye viti vya mgahawa.

Ukifika, usishushe mizigo kwanza. Ingia chumbani peke yako, inua kona ya godoro, pitisha mkono chini ya kochi. Chumba kisipokuridhisha, omba kingine hapo hapo, kabla mtoto hajaingia.

---

Daktari wa Mifugo, Eldoret

Shuka Nyeupe amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Nitaongeza machache ya upande wangu.

Viroboto. Hawa ndio wanaoumbua hoteli. Mayai yao huanguka kutoka mwilini mwa mnyama, na kiroboto mchanga hujifungia kwenye kifuko ndani ya zulia au ufa wa sakafu. Humo anaweza kukaa miezi. Anaamshwa na mtikisiko, joto na pumzi. Ndiyo maana chumba kilichokuwa kitupu wiki tatu kinaweza kukuuma siku ya kwanza tu. Vaa soksi nyeupe, tembea chumbani dakika chache, halafu tazama. Kunguni ni habari nyingine, hao hawaletwi na mbwa, huja kwenye masanduku ya watu.

Kwa wifi yako: chanjo ya kichaa cha mbwa hapa nchini hurudiwa kila mwaka. Kama imepita, achanjwe sasa, asisubiri wiki ya safari. Dawa ya viroboto na kupe pia apewe kabla, maana yule kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia anaweza kuzaliana ndani ya nyumba bila kuhitaji nyasi hata kidogo. Vidonge vya kifafa visirukwe hata mara moja, na abebe vya ziada, kwa sababu kukatiza ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko la kawaida. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130. Mtapita baridi ya Mau Summit na Kericho, kisha mkishuka Ahero ni joto tupu. Mbwa mzee asiachwe ndani ya gari mkisimama kula, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Dakika kumi zinatosha kupandisha joto ndani kwa nyuzi kama kumi.

Na asimpeleke Hifadhi ya Impala pale Kisumu wala mbuga yoyote ya KWS, shirika la wanyamapori. Wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi, na sababu ipo: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Ndugu wa Bungoma, pole. Ulifanya sawa kwenda hospitali. Kwa wengine: ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo uende. Hoteli yoyote inayopokea mbwa idai kadi mlangoni. Hapo nakuunga mkono kabisa.

---

Binti wa Mumias

Assalamu alaikum. Kuna jambo hamjaligusa, na linatuhusu wengi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka hana shida hiyo. Nikilala chumba alicholala mbwa nabaki na wasiwasi: aliramba nini? Alilala wapi? Mbwa mkavu akigusa kitu kikavu, najisi haihami, hilo tumefundishwa. Lakini mto je?

Sitaki wageni wenye mbwa wafukuzwe. Nataka niambiwe. Nikiambiwa chumba hiki ni cha wanyama na kile si chao, nachagua na nalala kwa amani na mswala wangu. MamaWawili, wewe unaogopea kifua na mimi naangalia swala, lakini tunachodai kwa mwenye hoteli ni kilekile.

---

Msafiri wa Bungoma

Binti wa Mumias, hapo umenigusa. Mimi pia ningeambiwa kuna mbwa upande ule, ningepitia mlango wa nyuma.

---

MamaWawili

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Nilipiga simu Jumatano. Mapokezi walisema "usijali mama, ni safi." Nikaomba msimamizi wa usafi. Nilingoja, lakini alikuja, na alikuwa mama mmoja mtulivu. Akanitajia namba za vyumba bila kusita: vinne, vyote chini upande wa geti. Ghorofani mnyama hapandi. Sakafu ni taili kila mahali, ila mapazia akaniambia ukweli, mara ya mwisho yalifuliwa miezi mitatu iliyopita. Akaahidi kuyafua ya chumba chetu na kututengea cha mwisho ghorofani. Nilipouliza habari za paka akacheka, akasema wapo wawili mgahawani na hakuna awezaye kuwatoa. Kwa hiyo tutakula nje kwenye nyasi au chumbani.

Kwa wifi nilienda mwenyewe, sikutaka kuyasema kwa simu. Nilidhani ataudhika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbona sikumwambia mwaka jana kwamba mtoto alilazwa. Kweli sikumwambia. Tuliketi jikoni kwake mpaka usiku. Yeye atalala chini na mbwa, ana kadi ya chanjo ya Machi, na atakuja na gari lake.

Kliniki tumeenda leo. Daktari ameongeza dawa ya kuzuia, tunaanza usiku huu. Mume wangu ndiye aliyembeba mtoto foleni nzima, na hajasema tena kwamba natia chumvi.

Tukifika nitaingia chumbani peke yangu kwanza, kama Shuka Nyeupe alivyosema. Soksi nyeupe nimenunua.

---

Shuka Nyeupe, Kisumu

Mama, beba na foronya zenu za nyumbani. Na huyo msimamizi aliyekwambia ukweli wa mapazia, ukifika mtafute umsalimie.