Naomba ushauri: flashi ya kuwashia kompyuta ili kuokoa diski inayokufa
Habari zenu wakuu. Diski ya kompyuta yangu ya mezani, yenye GB 500, imeanza kugonga kwa ndani, na Windows 10 inaishia kwenye vile vidoti vinavyozunguka bila kufunguka. Nimeandaa flashi ya SystemRescue (mfumo wa Linux wa kuokoa kompyuta) kwa programu ya Rufus, kwa GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), lakini mashine hii ya zamani, ambayo bado inatumia BIOS (programu ya zamani ya kuwashia kompyuta), haiioni kabisa. Je, niiandae upya kwa MBR, ule mpangilio wa zamani? Kwa kuwa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, huweza kuimaliza diski iliyochoka, nakusudia kuinakili kwanza yote kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye diski ya nje ya TB 1, ndipo niirekebishe nakala hiyo. Waliowahi kufanya hivyo, je, mzunguko wa kwanza mliuendesha kwa chaguo la -n la ddrescue ili kuziacha sehemu mbovu hadi mwisho?