Habari mbaya mnakimbilia, habari njema mnakaushia. Huu ni urafiki gani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira, asiyependa maneno makali apite tu.

Nina marafiki ambao nikiumwa wanafika haraka kuliko ndugu zangu. Nikifiwa wanalala kwangu. Nikikwama wanachangishana bila kuombwa. Kwa hilo nawaheshimu, na nitawalipa kwa kuwafanyia vilevile maadamu nina uhai. Lakini watu haohao nikiwaambia nimefanikiwa jambo, liwe dogo kiasi gani, sura zinabadilika, simu zinakufa, mada inahamishwa. Nimechoka na hii tabia.

Hivi karibuni nimemaliza deni. Ni deni lililonikaa kichwani miaka mingi, mpaka ikafika hatua naogopa kupokea simu ya namba nisiyoijua. Siku niliyolipa kipande cha mwisho nikaandika kwenye kundi letu sentensi moja tu: "Jamani, leo nimemaliza lile deni." Sikuweka picha wala mbwembwe. Wa kwanza akajibu, "Basi sasa nikopeshe mimi." Wa pili akaweka kidole gumba. Wa tatu akarusha video ya vichekesho isiyohusiana na lolote, mazungumzo yakahamia huko. Waliobaki, tiki za bluu na kimya. Usiku mmoja wao akanipigia, nikajua huyu angalau kakumbuka kunipongeza. Kumbe alikuwa na ugomvi na bosi wake. Nikamsikiliza mpaka akachoka mwenyewe, akaaga, akakata. Deni halikutajwa.

Na hawa ndio walionishuhudia nikihangaika nalo. Wangekuwa watu baki nisingeumia. Mtu aliyekuona ukizama anashindwaje kuuliza hata swali moja siku umefika nchi kavu?

Tatizo ni kwamba tumelelewa na ule usemi, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, ila tumeushika upande mmoja mpaka tukaona dhiki ndiyo mtihani pekee wa urafiki. Mtu akishakuja hospitali na msibani anajihesabu kamaliza kazi, hana deni nawe tena. Raha zako ni juu yako. Matokeo yake tumekuwa na urafiki ambao ukitaka kusikilizwa lazima uje na jeraha. Nawajua watu wanaokuza shida zao kwa sababu wameshaona kwamba shida ndiyo pekee inayopata masikio. Unadhani ni kwa nini? Wamejifunza kwetu.

Nilikwenda kusoma nijue kama ni mimi tu ninayedeka. Si mimi. Kuna mtafiti wa saikolojia wa Marekani anaitwa Shelly Gable, amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Utafiti alioutoa na wenzake mwaka 2004 ulionyesha kwamba siku ambayo mtu anamsimulia mwenzake jambo zuri lililomtokea, anapata furaha ya ziada juu ya ile aliyoipata kwa jambo lenyewe. Yaani kusimulia nako kuna faida yake, mbali na tukio. Lakini inategemea sana unayemsimulia anapokeaje, na hapo ndipo watu wetu wanapofeli.

Kina Gable wanagawa mapokezi katika aina nne. Kuna anayefurahi waziwazi na kuuliza maswali, anataka umsimulie yote. Kuna anayefurahi kimyakimya, anakupa "hongera" kavu na kuendelea na mambo yake. Kuna anayeshika habari yako na kuitafutia kasoro. Na kuna asiyeijali kabisa, anageuza mada kwenda kwake. Sasa sikilizeni kwa makini: katika tafiti hizo ni ile aina ya kwanza pekee iliyoendana na uhusiano mzuri. Nyingine tatu zote ziliendana na uhusiano mbaya. Ile hongera kavu imo humo. Kidole gumba kimo humo. Wewe unayejitetea kwamba "lakini si nilisema hongera", jua kwamba umekaa kundi moja na aliyenyamaza.

Mwaka 2006 wakatoa utafiti mwingine, safari hii wapenzi walirekodiwa wakizungumza, kila mmoja akimweleza mwenzake jambo baya na jambo zuri lililompata. Namna mwenza alivyopokea habari njema ilieleza afya ya uhusiano wao, hata nani wataachana baadaye, kuliko namna alivyopokea habari mbaya. Walichunguza wapenzi, sawa, lakini mimi nimeona jambo hilohilo kwenye urafiki kwa macho yangu. Marafiki niliopoteza sikuwapoteza kwenye shida, kwa sababu kwenye shida walikuja. Niliwapoteza kidogokidogo, kila nilipopeleka kitu kizuri na kurudishwa nacho mkononi.

Sasa niwaseme wa "ila", kwa sababu hawa wananikera kuliko hata walionyamaza. "Umepata kazi? Hongera, ila pale mshahara wanachelewesha." "Umeacha sigara? Vizuri, ila wengi hurudia." "Mtoto amelala usiku mzima? Subiri aanze kuota meno." Huyu anajiona ana busara, anakuandaa kwa yajayo. Nani kamwomba? Mtu aliyeacha sigara anajua kuliko wewe jinsi ilivyo rahisi kurudia, maana ni yeye anayepigana nayo kila akiamka. Hakuja kwako kutafuta tahadhari. Kama una onyo la maana, lina siku yake; kesho litakuwa bado lipo. Siku ya leo ungemwachia.

Halafu kuna mashindano. Unasema umeweza kukimbia bila kusimama njia nzima, mtu anakwambia yeye alikuwa anakimbia mara mbili ya hapo akiwa shule. Haya. Tumefanyaje sasa?

Najua wengine mtaniambia: ndugu, nyamaza tu, usianike mambo yako, watu wana husda. Ushauri huu unatolewa kila mahali kama ndio ukomavu wenyewe. Mimi naupinga kabisa. Kwanza husda ipo, siikatai. Mwanasaikolojia Abraham Tesser alieleza tangu miaka ya 1980 kwamba mafanikio ya mtu wa karibu ndiyo yanayochoma zaidi, hasa yakiwa kwenye jambo ambalo nawe unajipimia kwalo. Mwenzako akishinda kwenye kitu usichokijali unafurahi naye bila shida. Akishinda kwenye kile unachokitafuta wewe, kifua kinabana. Hilo ni la kibinadamu na simlaumu mtu kwa kubanwa kifua. Namlaumu kwa anachofanya baada ya hapo. Kubanwa kifua hakukuzuii kuuliza "ilikuwaje?" Ukianza kuuliza na kusikiliza, wengi kifua hulegea chenyewe.

Pili, kuficha nako kuna gharama. Watafiti Annabelle Roberts, Emma Levine na Ovul Sezer walichunguza watu wanaowaficha wenzao mafanikio, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Rafiki akija kugundua ulimficha, anaumia na anajiona mbali nawe, kwa sababu anaelewa ulimdhania hawezi kukufurahia. Kwa hiyo hao wanaotuhimiza tunyamaze wanatuambia tuwahukumu marafiki zetu wote kuwa wenye kijicho kabla hawajatenda kosa. Huo si ukomavu, ni woga. Na ukiishi hivyo miaka kadhaa utajikuta una watu wengi wanaoyajua machozi yako, na hakuna hata mmoja anayejua unachokipenda.

Lipo jambo moja nitakalowapa wanaonipinga. Mwenye habari njema naye ana wajibu wake. Kama rafiki yako mimba imetoka juzi, usiende kutangaza ya kwako kwenye kundi akiwemo. Mtafute pembeni kwanza, mwambie kwa upole, mpe nafasi ya kulia kama anataka kulia. Kama mwenzako kaachishwa kazi wiki hii, cheo chako kipya kinaweza kusubiri kidogo. Na kujitapa kupo, tusidanganyane: anayetaja bei kabla ya kutaja kitu, anayesema mbele ya watu ili fulani ajisikie vibaya, huyo hatafuti rafiki wa kufurahi naye. Tofauti inaonekana. Anayejitapa hakuulizi habari zako kamwe. Aliyekuja kukushirikisha, ukimuuliza maswali mawili atajibu kwa furaha, kisha atakugeukia, "Na wewe je?"

Lakini ninachokipigania hapa ni vile vidogo. Harusi ina mialiko. Mahafali yana majoho. Mtoto akizaliwa watu watakuja wenyewe. Mambo makubwa yana sherehe zake tayari, hata usipokuwa na rafiki wa kweli utapigiwa vigelegele. Nani anampigia vigelegele mtu aliyekuwa na msongo, leo ameweza kuamka, kuoga na kutoka nje? Nani anasherehekea na aliyeogopa kusema mbele ya watu, leo amenyoosha mkono mkutanini na sauti haikutetemeka? Majibu ya vipimo yaliyorudi safi baada ya wiki ya kukosa usingizi? Mzee aliyejifunza kutuma ujumbe wa sauti kwa wajukuu? Kwa haya hakuna ukumbi wala kadi. Sherehe yake yote ni rafiki mmoja anayesema, "Wee! Hebu nisimulie." Rafiki akikosekana, sherehe haikuwepo.

Na maisha kwa sehemu kubwa ndiyo hayohayo madogo. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walisoma karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238, wakakuta kwamba kinachoifanya siku ya kazi iwe nzuri kuliko kingine chochote ni kupiga hatua kwenye kazi yenye maana, hata hatua ndogo. Hatua ndogo! Ndiyo hiyo unayoijibu kwa kidole gumba. Na wakakuta pia kwamba kurudi nyuma kunauma kuliko kusonga mbele kunavyofurahisha. Kwa hiyo hasara inajisemea yenyewe, haihitaji msaada wetu. Zuri ndilo linalohitaji mtu wa kulishikilia lisipite.

Sidai zawadi. Sidai unipigie simu ya saa nzima wala uandike shairi. Nadai maswali mawili. Ilikuwaje? Ulijisikiaje ulipomaliza? Inachukua muda mfupi kuliko ile video uliyoitafuta kunirushia. Na kama uko kazini, andika "nimeona, nataka kusikia yote, nikitoka nakupigia", kisha upige kweli.

Kuna rafiki yangu mmoja, simtaji, ambaye kila akiletewa habari ya namna hii na yeyote kati yetu jibu lake ni lilelile: "Sasa hicho nacho ni kitu cha kutangaza?" Nimemwona akiwazima watu watatu tofauti kwa sentensi hiyo, na wote watatu hawasimulii chochote siku hizi wakikaa naye. Najua mko wengi wa aina yake na baadhi yenu mnasoma hapa. Basi nijibuni hadharani: kwa kipimo chenu, jambo la mtu linaanza kuwa kubwa likifika wapi, na ni nani aliyewapa kazi ya kupima?