Tupeane uzoefu: kumaliza Tafsiri ya Jalalayn kwa kusoma kila siku

Mtwalibu wa Barazani

Assalaam alaykum wana-darsa. Jalalayn imo kwenye makabati mengi ya pwani yetu, na alama ya kurasa karibu zote imekwama katikati ya Suratul Baqara. Uzi huu ni wa vitendo tu: kipimo cha siku, namna ya kusoma ukurasa, panapokwamisha, na cha kuweka pembeni. Hadithi za maisha yetu tuziache kwa uzi mwingine.

Kwa wageni wa kitabu: ni tafsiri ya Qur'ani kwa Kiarabu, na waandishi ni wawili. Jalaluddin al-Mahalli (alifariki 864 Hijria, sawa na 1459) alianza na Suratul Kahf akateremka mpaka An-Nas, akarudi kufasiri Al-Fatiha, kisha mauti yakamkuta. Mwanafunzi wake Jalaluddin as-Suyuti (alifariki 911 Hijria, 1505) akajaza nusu iliyobaki, Al-Baqara mpaka mwisho wa Al-Israa. Ndiyo maana chapa nyingi za zamani zinaiweka Al-Fatiha mwisho wa kitabu, ili maneno ya Mahalli yakae pamoja. Ukiikosa mwanzoni usidhani umeuziwa kitabu pungufu.

Karibuni.

Kalamu ya Risasi

Wa alaykum salaam. Naanza na kipimo, maana hapo ndipo watu wanapofelia. Usipime kwa kurasa za Jalalayn. Chapa hazilingani, na ukurasa mmoja unaweza kubeba aya tatu za hukumu au sura nzima fupi. Pima kwa rubu ya msahafu: juzuu 30, kila moja rubu 8, jumla 240, na alama zake zimeshachapwa pembeni. Soma rubu moja kwa siku, siku sita kwa wiki, ya saba iwe ya kurudia. Utamaliza kwa wiki 40. Anayependa kurasa afuate msahafu wa Madina wenye kurasa 604: mbili kwa siku ni siku 302, lakini hapo hakuna siku ya kurudia.

Rubu nyingine hazisomeki kwa siku moja, zigawe mapema kwenye ratiba. Aya ya deni (2:282) ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ipe siku yake peke yake. Aya za talaka na eda kuanzia 2:226 zinahitaji siku mbili au tatu. Mirathi (4:11-12) isome pamoja na 4:176, na uwe na karatasi ya kuchorea mafungu, kwa kuwa neno "kalala" (maiti asiyeacha mtoto wala mzazi) linatajwa kotekote na ndugu wanaokusudiwa si wale wale: mwanzo ni wa kwa mama, mwisho ni wa baba na mama au wa baba.

Al-Baqara peke yake ni karibu rubu 20, yaani zaidi ya wiki tatu ndani ya sura moja. Ukilijua hilo tangu mwanzo hutahisi kwamba umesimama.

Fundi Irabu

Maalim Kalamu ameshasema kiasi, mimi niseme namna. Jalalayn ni fupi kwa sababu haina neno la bure, na ufupi huo ndio uzito wake. Maneno ya Qur'ani yamo ndani ya mabano na tafsiri imefumwa katikati, kiasi kwamba ukisoma vyote mfululizo inatoka sentensi moja. Chukua 2:1-2. Kwenye "Alif Laam Miim" Suyuti anasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi alichokusudia, anapita. Kisha:

(dhaalika) yaani hiki, (al-kitaabu) anachokisoma Muhammad, (laa rayba) hakuna shaka, (fiihi) kwamba kimetoka kwa Mwenyezi Mungu. Hapo anakatiza: jumla (sentensi) ya kukanusha ni khabari (kiarifu) ya mubtadaa (kiima) ambaye ni "dhaalika", na ishara ya mbali imetumika kwa kutukuza. Anaendelea: (hudan) khabari ya pili, yaani chenye kuongoa, (lil-muttaqiina) wanaoiendea takwa kwa kutekeleza amri na kuepuka makatazo, kwa kuwa kwa hayo wanajikinga na moto.

Tazama kazi zilizofanyika ndani ya mistari miwili: kisawe (hiki, shaka), kijazio cha kilichoachwa (kwamba kimetoka kwa Mwenyezi Mungu), irabu, yaani uchambuzi wa nahau (khabari, mubtadaa), na balagha, yaani ufasaha wa lugha (kutukuza). Karibu kila mstari wa kitabu ni moja ya kazi hizo nne. Kwa hiyo pita mara tatu:

Mara ya kwanza, soma aya tupu za rubu nzima kwa sauti, bila tafsiri.

Mara ya pili, soma na visawe na vijazio tu. Ukikutana na irabu iwekee mstari wa penseli, uipite. Ukiisha, funga kitabu useme maana ya rubu kwa Kiswahili, kwa mdomo. Pale unapogugumia ndipo hujaelewa, hata kama macho yalipita.

Mara ya tatu ndiyo ya kurudi kwenye mistari ya penseli.

Wanaokwama hufanya zote tatu kwa pamoja. Wanasimama kwenye irabu kabla maana ya jumla haijatimia, na irabu haifahamiki kabla ya maana. Rubu ya kawaida huchukua dakika 40 mpaka saa moja kwa mpango huu.

Bi Shela

Ustadh Fundi, na anayeanza awe na nahau kiasi gani?

Fundi Irabu

Dada yangu, Ajurrumiya yote, kile kitabu cha msingi cha nahau ya Kiarabu, na awe ameielewa, si kuihifadhi tu. Chini ya hapo atasoma lugha asiyoijua. Istilahi za kuandika kwenye jalada la ndani: haal (hali), badal (kibadala), tamyiiz (kibainishi), mahdhuf (kilichoachwa), muqaddar (kinachokadiriwa), aaid (dhamiri inayorudi). Hiyo ya mwisho ndiyo yenye vurugu zaidi. Kila ukiona dhamiri "hu" au "haa" jiulize inarudi kwa nani kabla hujavuka, kwa sababu Suyuti na Mahalli hawakusubiri.

Msomaji wa Hafs

Jambo linalochanganya watu bila wao kujua sababu: kisomo, yaani namna iliyopokewa ya kuisoma Qur'ani. Sisi tumelelewa na kisomo cha Hafs. Tafsiri hii haikujengwa juu ya Hafs pekee, ila chapa za siku hizi zinabandika msahafu wa Hafs katikati na tafsiri pembezoni. Kwa hiyo mara kwa mara neno la katikati halilingani na neno linalofasiriwa. Mfano uko kwenye Al-Fatiha yenyewe: Mahalli anafasiri "maliki yawmid-diin" kwa mim fupi, ndipo anaongeza maana ya anayesoma "maaliki". Msomaji wa Hafs anaona kama kitabu kimekosea. Hakijakosea.

Kanuni yao ni nyepesi: wakiandika "wa fii qiraa-atin" ni kisomo mashuhuri kati ya vile saba, na wakiandika "wa quri-a" ni kisomo shadhi, cha nadra kisicho miongoni mwa hivyo.

Kwenye 2:6, neno "a-andhartahum", Suyuti anataja namna za kutamka hamza mbili: kuzitimiza zote, kuigeuza ya pili alifu, kuilainisha, kuilainisha na kutia alifu katikati au kuiacha. Hiyo ni siku ya kwanza kabisa ya Baqara, na hapo ndipo anayeanza hukata tamaa. Jamani, pita. Maana ya aya haibadiliki hata kidogo.

Mpembuzi

Naongeza mahali pa kusoma kwa tahadhari. Jalalayn haitaji sanadi (mlolongo wa wapokezi). Riwaya yenye nguvu na yenye udhaifu zinakaa humo kwa sura moja. Andika aya hizi mwanzoni mwa kitabu chako:

22:52, kisa cha gharaniq (kwamba Shetani alitia maneno ya kusifu masanamu katika kisomo cha Mtume). Mahalli amekitia. Mfasiri Ibn Kathir (alifariki 774 Hijria) anasema wafasiri wengi wamekitaja, lakini njia zake zote ni mursal (hazimtaji Sahaba) na hakuona yenye sanadi sahihi iliyoungana.

38:21-24, Nabii Daudi na wagombanao wawili. Ibn Kathir anasema kisa kinachotajwa hapo kimechukuliwa zaidi kutoka Israiliyati (visa vya Mayahudi na Manasara) na hakikuthibiti kwa Mtume, kwa hiyo bora kuishia kwenye kisomo cha aya.

33:37, ndoa ya Zaynab. Ibn Kathir ameziacha baadhi ya riwaya makusudi kwa kutosihi kwake.

88:20, "sutihat" (imetandazwa). Mahalli anasema dhahiri yake ni kwamba ardhi ni bapa, si mpira kama wasemavyo watu wa falaki, halafu mwenyewe anaongeza kuwa kauli yao haivunji nguzo yoyote ya sheria. Watu hunukuu nusu ya kwanza na kuimeza ya pili.

Kwa hiyo Ibn Kathir awe pembeni kwa aya kama hizi tu. Ukimfungua kwa kila aya utakuwa unasoma vitabu viwili, na yeye hurudia hadithi moja kwa njia tano. Kuhusu hashia (maelezo juu ya Jalalayn): ya al-Jamal (alifariki 1204 Hijria) ni pana na inajibu maswali ya irabu. Ya as-Sawi (alifariki 1241 Hijria), mwanafunzi wake, ni fupi na inatosha kwa usomaji wa kila siku. Chagua moja. Mimi nashauri Sawi, na Jamal iulizwe tu pale Sawi anaponyamaza.

Bi Shela

Na wasiojua Kiarabu wasiachwe nyuma. Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (1969) ina maelezo yake mwenyewe, na tarjama ya Al-Muntakhab ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani (1995) ni Kiswahili chepesi zaidi. Rubu ile ile, siku ile ile: soma aya kwa Farsy, kisha Barwani, na palipo tofauti weka alama ya kuuliza. Alama hizo ndizo za kumpelekea sheikh, badala ya kumwambia tu "sikuelewa". Ukikaa na anayesoma Jalalayn, utakuta tofauti nyingi ni vile vijazio alivyovitaja Ustadh Fundi: kila mfasiri ameamua mwenyewe kilichoachwa ni kipi.

Kijana wa Ng'ambo

Swali la udhu je? Wengine tunasomea kwenye basi.

Mpembuzi

Imepokewa kwamba mwanachuoni mmoja wa Yemen alihesabu herufi za Qur'ani na za Jalalayn, akakuta zinalingana mpaka Al-Muzzammil, na kuanzia Al-Muddaththir tafsiri inazidi. Hoja ni kwamba kwa madhehebu ya Shafii, tafsiri ikizidi Qur'ani si haramu kuibeba bila udhu. Lakini zidio lenyewe ni jembamba, kwa hiyo chukua udhu. Na chapa yenye msahafu mzima katikati ina aya za katikati na zile za kwenye mabano, hesabu ile haiifai tena. Hiyo ichukulie kama msahafu.

Kalamu ya Risasi

La mwisho kwangu, waliobaki nyuma. Ukikosa siku mbili usisome rubu tatu siku ya tatu, sogeza kalenda. Siku ya saba ya wiki ni ya kurudia, usiile kwa kulipa madeni. Na msijilinganishe na Suyuti. Mwishoni mwa Al-Israa kuna maneno yake: nusu yake aliiandika kwa muda wa miadi ya Nabii Musa, siku 40, kuanzia mwanzo wa Ramadhani mpaka tarehe 10 Shawwal 870 (1466), akiwa hajafika miaka 22. Na yeye hakuanzia sifuri, alikuwa na nusu ya mwalimu wake ya kuigiza mtindo.

Kwa anayeanza kabisa, aanzie Juzuu Amma (juzuu ya 30) kwa wiki mbili, sura tatu nne kwa siku. Mahalli huko ana maneno machache, sura unazijua kwa moyo, na jicho linazoea mabano. Akimaliza ndipo aende Baqara.

Mtwalibu wa Barazani

Ahsanteni. Darsa za Ramadhani baada ya Alasiri zinakaribia: anayekwenda na kitabu aisome rubu ya siku kabla, mara ya kwanza na ya pili, kwa kuwa msikitini msomaji hukata kipande na sheikh hufasiri hapo hapo bila kurudi nyuma. Mara ya tatu ifanyeni usiku, wakati aliyoyasema sheikh kuhusu irabu bado yako masikioni. Mwenye orodha ya aya nyingine za tahadhari, hasa Al-Aaraf na Yusuf, aziweke hapa chini.