Mjadala: Mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali alazimishwe semina na mashindano, au aachiwe asome?

Baba Nasra:
Asalaam alaykum wana jamvi. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa tatu huko bara, anasoma uhandisi wa kemikali, chuo sikitaji. Muhula huu wameletewa jambo jipya, kila mwanafunzi lazima apate sahihi sita za "shughuli za kujiendeleza kitaaluma" ndo atiliwe mkono barua yake ya fildi, yale mazoezi ya kazini. Sahihi moja semina ya kuandika sivii, moja ziara ya kiwandani, moja mashindano, moja kufungua akaunti ya LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi, yenye picha ya suti, na nyengine mbili nimezisahau. Ziara mchango 25,000. Suti kaazima kwa mwenzake mrefu, koti limemfika mapajani kama kanzu fupi. Sasa kakosa sahihi mbili kwa sababu Jumamosi ya semina yeye alikuwa juu ya fery anakuja kumzika bibi yake. Nauliza tu, hii ni haki au ni uonevu? Masomo yake anafaulu, hana sapu hata moja, yaani mtihani wa kurudia.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Waalaykum salaam, poleni kwa msiba. Lakini mie nasema lazima, na ningekuwa mie ningeweka kumi. Nimekaa upande wa pili wa meza ya intavyuu, anakuja mtu na GPA ya 4.2, unamuuliza pampu ikianza kulia kama inatafuna kokoto utafanyaje, anakutizama kama umemuuliza kwa Kichina. Wenzetu haya wameanza zamani, Wamarekani chama chao cha wahandisi wa kemikali, AIChE, ni cha tangu 1908 na vyuo vina matawi ya wanafunzi, Waingereza nao wana chao, IChemE, tangu 1922. Siye tunataka mtoto akariri noti kama kasida. Na Baba Nasra usikasirike, huku kwetu Zanzibar huyo kijana hana pa kujifunzia, kiwanda cha kemikali cha maana hakuna, labda hao wa Pemba wanaochemsha makonyo, vile vijiti vya karafuu, wapate mafuta, na kuchemsha makonyo si uinjinia, ni kupika uji, moto chini sufuria juu basi.

Mpita Njia:
Kikwajuni na wewe GPA ulipata ngapi? Nauliza tu.

Mtu wa Wawi:
Yakhe Kikwajuni uji umepika wewe. Mie nimekaa kwenye mafuta ya karafuu misimu minne, hebu nambie ni uji gani unaopikwa maji hayagusi unga? Makonyo yanakaa juu ya wavu ndani ya tangi, mvuke unatoka kwenye boila unapita katikati yao, ukitoka juu unaingia kwenye kondensa unapoa, unadondoka kwenye chombo cha kutenganishia, na hapo ndo penye kazi. Maji ya kupozea ukiyazembea kikatoka kitu cha moto, mafuta yanagoma kuachana na maji, unaona maji meupe kama tui la pili, na weupe ule ndo pesa yako inakwenda zake mtaroni. Mafuta yako chini, unafungua bomba la chini polepole, ukizidisha unachota na maji. Kaa hapo saa nane za usiku uniletee uji wako.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Hahaha jamani, mafuta CHINI ya maji? Tangu lini? Mafuta yanaelea, hilo hata mtoto wa chuo analijua, chuo cha Kurani nakusudia si chuo kikuu. Misimu minne yote ulikuwa unachota maji sheikh wangu.

Mtu wa Wawi:
Wewe karafuu umeziona kwenye pilau tu.

Bi Mkubwa wa Jang'ombe:
Nyinyi watoto mmeshaanza. Mie nataka kurudi kwenye suti. Binti yangu naye aliambiwa picha iwe "ya kiofisi", kapiga na mtandio wake na koti, akaambiwa apige nyengine maana ile "haina mvuto kwa waajiri". Mvuto wa nini, anakwenda kuuza sura au kufungua valvu? Hiyo sahihi nilimwambia aiache, na barua akaipata kwa kuzungushwa wiki tatu.

Mpita Njia:
Bi Mkubwa umesema. Na hizo hela zinakwenda wapi hakuna anayeuliza. Bumu lenyewe, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, linachelewa, mtoto anashindia chapati na maharage, halafu 25,000 ya basi la kwenda kutizama bomba la kiwanda kwa nje. Kwa nje! Maana ndani hamuingii, mnapewa kofia ngumu mnapigwa picha mnarudi. Mdogo wangu mwaka jana fildi yake nzima kwenye kiwanda kimoja bara alikuwa anapiga fotokopi na kufagia stoo, wiki nane, na ripoti akaandika amejifunza "usimamizi wa prosesi". Akapata A.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Huyo kaonewa lakini kosa la nani? Angekuwa na hivyo vyeti na hizo semina asingepelekwa stoo.

Mpita Njia:
Semina zote alikwenda. Sita kwa sita.

Bint Ole:
Salaam kaka zangu na Bi Mkubwa wangu. Mimi namaliza mwaka huu, kemiko hiyo hiyo, kwa hiyo niwaamulie la mafuta kwanza. Ami wa Wawi kasema kweli. Mafuta mengi ya mimea yanaelea, mchaichai unaelea, mrehani unaelea, ila ya karafuu yamejaa yujinoli, ndo kitu chenye ile harufu ya karafuu, na uzito wake ni kama 1.04 mpaka 1.06 ukiweka maji ni 1. Yanazama. Na si uji pia kaka Kikwajuni, yujinoli ukiichemsha peke yake mpaka ifike kama nyuzi 254 ndo inatoka, ukiipitishia mvuke inatoka nao chini ya nyuzi 100. Ukilielewa kwa nini, nusu ya somo la kutenganisha vitu umeshalimaliza.

Sasa kuhusu sahihi. Mimi nilikwenda nyingi na nyingi ni upuuzi wallahi, mtu anasoma slaidi zake za "jinsi ya kujiamini" nyie mnasinzia mnasubiri soda. Lakini kuna moja iliyonigusa. Wamarekani wana mashindano wanaita Chem-E-Car, tangu 99, gari dogo la kiasi cha boksi la viatu, linaendeshwa kwa kemikali na linasimama kwa kemikali, breki marufuku, umbali na mzigo wa kubeba unaambiwa saa moja tu kabla. Siye tukaiga wenyewe bila kumwambia mtu, wanne. Kusimamisha tukatumia kidonge cha vitamini C, ayodini ile ya kupakia vidonda, haidrojeni peroksaidi na maji ya wanga. Vikichanganywa vinakaa safi kama maji, vinakaa safi kama maji, halafu ghafla vinageuka buluu nyeusi kama wino, taa upande huu haionekani upande wa pili, saketi inakata, gari linasimama. Usiku maabara tunapata sekunde 41, kila mara 41, tukajiona mabingwa. Siku ya kuonesha wakatuweka nje saa saba mchana, ikageuka nyeusi sekunde ya 27, gari likasimama katikati ya uwanja watu wakacheka mpaka basi. Joto! Fomula ya Arrhenius, ile ya joto kuongeza kasi ya kemikali, nimeikariri mwaka wa pili nikaijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, na kupima joto la ile chupa hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

Na ile haikuwa na sahihi. Hakuna aliyetusainia chochote.

Mtu wa Wawi:
Mashallah mwanangu. Umemsikia Kikwajuni? Y A N A Z A M A.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Dada Ole nakuheshimu, lakini za vitabuni na za kwenye tangi mbalimbali. Na wewe umekiri mwenyewe mashindano yamekufunza, kwa hiyo upo upande wangu, lazima yalazimishwe.

Bint Ole:
Nimesema hatukulazimishwa kaka.

Bi Mkubwa wa Jang'ombe:
Wanne mlikuwa wasichana wangapi?

Bint Ole:
Watatu Bi Mkubwa. Mwanamme mmoja, yeye ndo aliyemwaga ayodini kwenye shati la mhadhiri.

Mzee Boila:
Nimesoma kimya toka juu. Nimestaafu, nimefanya kazi za viwandani bara na huku. Watoto hawa wakilazimishwa kitu kimoja tu kiwe cha usalama, hayo mengine ya sivii waachiwe wenyewe. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi la dawa isiyotaka maji, na mtambo wa kulipoza tangi lile ulikuwa umezimwa, gesi ya sumu ikatoka, watu maelfu wakafa, wengine usingizini. Tangu hapo mie kila kijana aliyeletwa kwangu nilimkalisha na mchoro na bomba moja tu. Nasema haya, kwenye bomba hili kitu kinapita. Kisipopita itakuwaje? Kikizidi? Kikipungua? Kikirudi nyuma? Hiyo ndo HAZOP, njia ya kutafuta hatari kabla haijatokea, waliianza kampuni ya kemikali ya ICI huko Uingereza miaka ya sitini, haitaki projekta wala suti. Siku ya kwanza mtoto anaona ni mchezo. Ikifika "kikirudi nyuma" anaanza kukuna kichwa.

Mpita Njia:
Mzee hapo umenikuna. Kwa hiyo hata makonyo yana hiyo?

Mtu wa Wawi:
Yana sana. Maji ya kupozea yakikatika na boila linaendelea, mvuke wote unatoka nje na mafuta yake, na aliyesimama karibu anapikwa yeye. Umeme wa Pemba unaujua, pampu ikizima mtu wa kwanza kukimbilia moto ni nani? Hilo siye tulikuwa tunaambizana kwa mdomo, hakuna karatasi.

Mzee Boila:
Basi huyo mtoto wa Baba Nasra akikaa nanyi mwezi mmoja akaliandika kwenye karatasi, keshafanya kazi ya injinia.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Kwahiyo sasa Pemba imekuwa chuo kikuu. Haya. Kila kitu Pemba, karafuu Pemba, vipanga Pemba, na uinjinia Pemba.

Mtu wa Wawi:
Vipanga bure kwa wenye macho. Nyie mjini mna nini, foleni ya Darajani?

Bi Mkubwa wa Jang'ombe:
Muacheni Mpemba na karafuu zake bwana. Kinamama wa Paje huko wanapika sabuni ya mwani, magadi moto, ile kostiki soda, wanayapima kwa mizani mpaka gramu, wakizidisha sabuni inaunguza mikono, wakipunguza inateleza kama bamia. Mbona hamuwataji? Au uinjinia lazima uwe na masharubu?

Bint Ole:
Bi Mkubwa hiyo ningeifanya mradi wangu wa mwisho kama ningesikia mapema 😩

Baba Nasra:
Jamani nawashukuru, nimejifunza mengi ambayo sikuyauliza. Ami wa Wawi nina swali la kweli, hivi hapo wanachukua vijana wa fildi? Maana kwao ni Chake, atalala kwa shangazi yake, wala hakuna gharama.

Mtu wa Wawi:
Mie nshaondoka kitambo, siwasemei. Ila najua walikuwa wakija vijana, wenye adabu na wasioogopa moshi. Aende mwenyewe na barua ya chuo, asipige simu, mtu wa simu anasahaulika.

Baba Nasra:
Barua ya chuo hiyo hiyo yenye sahihi sita?

Mtu wa Wawi:
Ehe. Bila barua mlinzi hakufungulii.

Mpita Njia:
😂😂😂 tumerudi fery.

Bint Ole:
Baba Nasra, aandike maelezo ya msiba, aambatishe na tiketi ya fery, apeleke kwa mkuu wa idara mwenyewe si kwa viongozi wa wanafunzi. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo wakamsamehe moja. Ya pili aombe aifidie kwa kuandika ile ya Mzee Boila, bomba moja na maswali manne.

Baba Nasra:
Shukran mwanangu, nampelekea sasa hivi.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Kabla hamjafunga. Nimetoka mjini hivi punde, nimenunua kichupa cha mafuta ya karafuu kwenye duka moja, 5,000, nimetia matone kwenye gilasi ya maji mbele ya watoto wangu. YANAELEA. Yote yako juu, yanang'ara. Picha naweka jioni. Sasa semeni.

Mtu wa Wawi:
Yanaelea yote?

Kijana_wa_Kikwajuni:
Yote ami, hata tone halijazama.

Bint Ole:
Kaka tia kichupa kwenye friji kama nusu saa, halafu utizame kama yameganda.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Yameganda. Meupe. Kwa nini?

Mtu wa Wawi:
Hahahahaha. Yakhe, umeuziwa mafuta ya nazi.