Kuondoa upotevu katika ulinzi wa ghala: tukate nini, tubakize nini?

Msimamizi, Kigoma:
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninasimamia ulinzi wa ghala jirani na bandari ya Kigoma, ambako shehena inayoshushwa kutoka reli ya kati husubiri meli za Bujumbura na Kalemie. Uongozi umeagiza tufuate kanuni za Toyota za kuondoa upotevu, yaani chochote kinachogharimu bila kuongeza thamani, na pendekezo la kwanza ni kupunguza walinzi wa akiba wa usiku na kuuza jenereta ya pili. Je, huo ndio upotevu uliokusudiwa?

Mstaafu, Tabora:
Sivyo, ndugu yangu. Kati ya aina 7 za upotevu alizoziainisha Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, inayoumiza ulinzi zaidi ni kusubiri. Mlinzi anaona kufuli limekatwa saa nane usiku, anampigia kiongozi wa zamu, naye anamtafuta meneja aliyelala, na king'ora hakiguswi mpaka jibu lirudi. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida huvuta kamba ya tahadhari mara aonapo hitilafu, na isipotatuliwa upesi kazi husimama. Mpe mlinzi mamlaka ya namna hiyo kwa maandishi. Kisha chunguza taarifa zinazonakiliwa kwenye madaftari matatu bila kusomwa na mtu. Huko ndiko pa kukata.

Afisa Ugavi:
Namuunga mkono mzee, na naongeza kwamba si kila akiba ni upotevu. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, kilichoitengenezea Toyota karibu valvu zake zote za breki za aina moja, kiliungua, na kwa kuwa akiba ilikuwa ya saa chache tu, Toyota ililazimika kusimamisha viwanda vyake vingi nchini Japani. Baada ya tetemeko la 2011, kampuni hiyohiyo iliwataka wasambazaji wake waweke akiba ya vipuri vya kielektroniki ya miezi 2 hadi 6.

Msimamizi, Kigoma:
Nashukuru sana. Uongozi utauliza akiba ipi ibaki.

Afisa Ugavi:
Kila akiba iandikiwe janga lake: umeme kukatika, ziwa kupanda kama 2020 na 2021, au mafuriko ya Kilosa kukata reli na mizigo kurundikana. Isiyo na janga iondoke. Kabla ya kikao, fanyeni zoezi la usiku bila kuwatangazia walinzi, polisi wakiwa wamejulishwa, mpime dakika tangu tatizo lionekane hadi lango lifungwe, na mpeleke takwimu hizo mezani.