Filamu ya mauaji Kigoma: jua linachomoza ziwani? Hamtuheshimu!

Wakuu, hii filamu ya upelelezi iliyopigwa hapa Kigoma imenikera mno. Jina silitaji, walioiona wameshaijua.

Sini ya kwanza, maandishi yanasema saa 12 asubuhi. Mpelelezi kasimama ufukweni Ujiji, jua jekundu linapanda kutoka majini. Linapandaje? Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu! Jua huzama huko, upande wa Kongo, na asubuhi linatokea nchi kavu, mgongoni kwako ukitazama maji. Wamepiga jioni wakaichezesha kinyumenyume kwenye uhariri. Kama ratiba iliwabana, wangeelekeza kamera mjini, ziwa litoke kwenye fremu.

Usiku wa mauaji ndio unaivunja hadithi yenyewe. Shahidi ni mvuvi wa dagaa, anadai aliuona uso wa muuaji kwa mbalamwezi. Juu mwezi mpevu, chini ziwa zima linawaka taa za mitumbwi. Dagaa huvuliwa gizani, maana taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukishajaa, taa inakosa nguvu na wavuvi wanapumzika. Mtu yeyote pale mwaloni Kibirizi angemwambia mwandishi hilo kabla skripti haijachapwa. Ushahidi wote wa mahakamani umesimama juu ya usiku ambao shahidi asingekuwa ziwani!

Halafu jeraha. Mpelelezi kapigwa risasi mkono wa kushoto, akihojiwa bandeji iko kulia. Tazameni vizuri shoti hiyo: vifungo vya shati vimehama upande, saa imehama mkono, na namba ya pikipiki nyuma yake inasomeka kinyume. Mhariri kaigeuza picha kama kioo, kwa sababu kamera iliruka mstari na wahusika wakaonekana wote wanatazama upande mmoja. Kati ya wawili wanaozungumza kuna mstari wa kufikirika, kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukilazimika kuvuka, vuka na kamera ikiwa inarekodi, au weka katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe. Kugeuza picha si tiba.

Ile michirizi ya giza inayotembea ukutani kituo cha polisi nayo ni uzembe. Umeme wetu ni hezi 50, na taa hupepesa kuufuata. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, michirizi inaisha. Ukiacha 1/60, taa zinakuumbua.

Na msituletee habari ya bajeti. Kontinuiti, yaani kuhakikisha kila kitu kinaoana kutoka shoti hadi shoti, inataka mtu mmoja makini, daftari na simu. Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi: za nyumba moja zinapigwa siku moja, hata kama kwenye hadithi zimepishana wiki. Kwa hiyo kabla ya kuhama, mpige mwigizaji picha mbele, nyuma na pande zote mbili, jeraha lipigwe kwa karibu. Andika namba ya sini, ni siku ya ngapi ya hadithi, glasi iko mkono gani na aliinywa kwenye neno lipi. Andika pia damu ni mbichi au imekauka, maana humu kesho yake bandeji bado nyekundu ya kung'aa wakati ilitakiwa iwe kahawia.

Tunasikia sehemu ya pili inaandaliwa. Prodyuza, ajiri mtu wa kontinuiti tangu siku ya kusoma skripti, na huyo shahidi mtafutieni taa ya kumulikia.